JIKO LA GESI LIKIKATAA KUWAKA, ANZA KWENYE MTUNGI



Katika majira ya mvua sisi wahamasishaji tunaitwa majumbani mara nyingi kwa neno moja: "Jiko limekufa." Tukifika tunakuta jiko halijafa. Mtungi umeisha, au regyuleta haikukaa vizuri, au tundu dogo la kutolea gesi limezibwa na uji uliomwagika juzi. Ni kazi ya dakika 10 ambayo mwenye jiko angeifanya mwenyewe. Lakini nyumba nyingine tunakuta jambo baya kuliko jiko lililozima. Mtu amewasha kiberiti ili aone gesi inavuja wapi, au ameingiza jiko katika chumba cha kulala na kufunga mlango ili watoto wapate joto. Karatasi hii inaeleza mambo yote mawili: namna ya kutafuta ubovu wa jiko, na mahali pa kusimama usiendelee kutafuta.

Wengi wetu tulikulia kwenye mafiga. Hapa Mahama, kambi ilipofunguliwa Aprili 2015, tulipikia kuni, na gesi ilikuja baadaye. Kuni zina tabia ya kujieleza zenyewe. Zikiwa mbichi zinatoa moshi, zikiisha unaona majivu, na moshi ukizidi macho yanakutoa nje hata kama hutaki. Gesi haionekani, na ubovu wake mwingi hauonekani kwa macho. Ndiyo sababu inabidi tujifunze kuikagua kwa utaratibu.

MAJI YALIYOMO NDANI YA MTUNGI

Tuanze na maneno yanayozunguka kambini, kwa sababu yanaleta ugomvi siku ya kugawa. Mtu anautikisa mtungi, anasikia kitu kinachezacheza ndani, anasema, "Wametuwekea maji." Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi si mtoto, najua sauti ya maji." Sauti aliisikia kweli, lakini hayakuwa maji. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Ikishindiliwa kwa nguvu ndani ya mtungi inageuka kuwa majimaji, na hayo ndiyo tunayoyasikia. Ukifungua valvu, majimaji yanachemka polepole humo ndani na kutoka yakiwa gesi. Lita 1 ya majimaji hayo hutoa takriban lita 250 za gesi. Ndiyo maana mtungi mdogo unapikia siku nyingi, na ndiyo maana mtungi unaovuja kidogo tu unaweza kujaza chumba.

Mtungi haujazwi mpaka juu. Huachwa nafasi ya karibu sehemu 1 kati ya 5, ili majimaji yapate pa kutanukia jua likiwaka. Kwa hiyo mtungi mzima lazima utoe sauti ukiutikisa. Usiotoa sauti ndio wa kutilia shaka.

Kama unafikiri umepunjwa, usibishane na sauti, omba mizani. Kwenye kola ya mtungi, au kwenye shingo yake, pamegongwa namba yenye herufi TW au neno TARE. Hiyo ni uzito wa chuma kitupu. Ikiwa imeandikwa 13.4 na mtungi ni wa kilo 12, basi ukiwa umejaa mizani isome 25.4. Ikisoma 22, una haki ya kusema, na una namba ya kusemea. Pima kabla ya kuondoka mahali pa kugawa. Ukishafika nyumbani na kupika siku 3, hakuna atakayekusikiliza, na sitaweza kukusaidia hata kama nakuamini.

Wengine hawakupunjwa, ila moto wao ni mkubwa. Jiko dogo la kawaida likiwaka kwa nguvu hula takriban gramu 150 hadi 200 za gesi kwa saa moja. Ukiliwasha jumla ya masaa 3 kila siku, mtungi wa kilo 12 unaisha kati ya siku ya 20 na ya 27. Mahindi makavu na maharage ndiyo yanayokula gesi hivyo. Loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, na yakianza kuchemka punguza moto. Maji yanayochemka kwa fujo hayana joto kuliko yanayochemka taratibu.

FUATA NJIA YA GESI

Jiko likikataa kuwaka, usianze kufungua visu vya jiko. Gesi inatoka kwenye mtungi kuja kwenye moto, nawe fuata njia hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilipoitwa mara ya kwanza nilifungua jiko lote la jirani, nikapoteza skrubu mbili kwenye udongo, halafu tukagundua mtungi ulikuwa umeisha.

Kwanza mtungi. Uinue. Kama una mizani, pima uone kama umebaki na uzito wa chuma tu. Kama huna, mwagia ubavuni maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale chuma kinapogeuka kuwa baridi ndipo majimaji ya gesi yanapoanzia. Usipoona tofauti kabisa, gesi imeisha au imebaki kidogo sana.

Hapa kuna tabia ya kuacha. Gesi ikikaribia kuisha, watu wanalaza mtungi, au wanaugeuza kichwa chini, ili kukamua ya mwisho. Mtungi ukilala, kinachoingia kwenye mpira si gesi tena bali ni yale majimaji, na kila tone lake linageuka gesi nyingi ghafla mbele ya moto. Moto unaruka mpaka kwenye paa. Wengine huweka mtungi karibu na mbabula ya makaa ili upate moto. Hilo hata halihitaji maelezo. Mtungi husimama wima siku zote, ukiwa umejaa au mtupu.

Asubuhi ya baridi mtungi ulio karibu kwisha unaweza kutoa moto dhaifu, na nje ya chuma ukaona umande au barafu nyembamba. Huo si ubovu. Majimaji yanapochemka yanachukua joto kutoka kwenye chuma, na yakiwa kidogo chuma kinapoa upesi. Punguza moto, au zima na usubiri, mtungi urudie joto la hewa. Ndugu waliohamia hapa kutoka Gihembe mwaka 2021 wanalijua hili vizuri, kwa sababu Gicumbi ni kwenye baridi kuliko huku kwetu karibu na mto Akagera.

Pili, valvu na regyuleta. Regyuleta ni kile kichwa kinachokaa juu ya mtungi na kupunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia kwenye mpira. Itoe, angalia ndani ya mdomo wa mtungi kama kuna mchanga au mdudu, na angalia kimpira cheusi cha mviringo kinachozuia gesi isivuje. Kikiwa kimepasuka, kimekauka au hakipo, usifunge tena. Usikate kipande cha ndala kuweka mahali pake. Nimekiona kipande hicho kwa macho yangu, na kilikuwa kimeshikilia vizuri kwa siku 2.

Regyuleta za kubonyeza hutoa sauti ya "tak" zikikaa sawa. Usipoisikia, irudishe. Za kuzungusha kwa mkono mara nyingi hufungwa kinyume cha bolti tulizozizoea, kwa hiyo usilazimishe kwa koleo ukadhani imekwama. Ziko pia regyuleta zenye saa ndogo mbele, ambazo hujifunga zenyewe gesi ikitoka kwa kasi kubwa kupita kawaida. Ukifungua ghafla inadhani mpira umekatika na inajifunga, jiko haliwaki, na mtungi umejaa. Funga vitufe vyote vya jiko, fungua valvu polepole, ngoja kidogo, ndipo uwashe. Kama inajifunga kila mara, huenda inasema kweli: kagua mpira.

Tatu, mpira. Angalia kama umekunjika, umeliwa na panya, umegusa sufuria ya moto au umepasuka karibu na vibano. Kunja kidogo kwa vidole: ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, mpira umekwisha kazi yake. Kila upande uwe na kibano cha chuma. Kamba ya nailoni si kibano, na gundi si kiraka. Wale wenye jiko linalokaa moja kwa moja juu ya mtungi mdogo wa kilo 6 hawana mpira, lakini kimpira cheusi wanacho, na kwao ndicho cha kukaguliwa.

Nne, jiko lenyewe, na sehemu hii kwanza funga valvu ya mtungi na uache jiko lipoe. Toa kifuniko cha kichomeo, yaani kile chuma chenye matundu ambapo moto hutokea. Kioshe kwa maji ya sabuni na brashi ya zamani ya meno, kikauke kabisa. Maji yaliyobaki ndani huzuia moto kwa nusu siku na watu hudhani jiko limeharibika. Chini yake kuna tundu dogo sana ambalo gesi hupitia. Likizibwa, moto unakuwa mdogo hata ukifungua kitufe mpaka mwisho. Lipulize, lisafishe kwa unywele wa brashi. Usitumie sindano wala msumari, maana tundu likipanuka kidogo tu, jiko litatoa gesi nyingi kuliko hewa na moto hautakuwa mzuri tena. Kati ya tundu hilo na kichomeo kuna kibomba, na buibui wanapenda kujenga humo, hasa jiko likikaa wiki kadhaa bila kutumika. Utando mmoja unatosha kuharibu moto, na hata kuufanya uwakie nyuma karibu na kitufe.

Kama kitufe cha cheche hakitoi cheche, lakini kiberiti kinawasha, jiko ni zima. Pangusa kile kijiti cha cheche kikauke, au endelea na kiberiti. Washa kiberiti kwanza, kisogeze, ndipo ufungue gesi. Anayefungua gesi kwanza na kuanza kutafuta kiberiti ndiye anayeunguza nyusi. Usipowaka mara ya kwanza, funga, ngoja gesi itawanyike, ujaribu tena.

KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kama ya yai bovu au kabichi iliyooza imeongezwa makusudi ili tujue. Ukiinusa kidogo unapobadilisha mtungi, si ajabu. Ukiinusa jiko likiwa limezimwa, kuna mahali panapovuja.

Tengeneza povu la sabuni, ya unga au ya mche, katika kikombe. Zima moto wote ulio karibu. Fungua valvu ya mtungi huku vitufe vya jiko vikiwa vimefungwa, kisha paka povu kwenye mdomo wa mtungi, regyuleta, mpira wote na vibano. Mahali panapovuja patatoa mapovu yanayokua. Funga valvu, kaza au badilisha, paka tena. Fanya hivyo kila mara unapobadilisha mtungi. Kiberiti hakitafuti gesi inayovuja. Kinaikuta, na hapo huna tena cha kukagua.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ina uzito wa mara 1 na nusu wa hewa, butani karibu mara 2. Moshi wa kuni hupanda kwenye paa, gesi hushuka sakafuni na kutulia kama maji kwenye bonde. Kwa hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii, fungua mlango. Usiweke mtungi chini ya kitanda, wala ndani ya shimo ulilochimba ili usiibiwe. Na fikiria nani analala chini katika nyumba zetu. Ni watoto, kwenye mkeka. Gesi ikivuja usiku, inawafikia wao kabla pua ya mtu mzima aliye kitandani haijanusa chochote. Funga valvu ya mtungi kila usiku, si kitufe cha jiko peke yake.

Ukinusa harufu kali nyumbani: usiwashe kitu na usizime kitu, hata tochi au simu. Funga valvu kama unaifikia. Toa watu nje, acha mlango wazi, na waambie jirani wa pande zote mbili wazime moto wao, kwa sababu kuta zetu zimeshikana na gesi haiulizi nyumba ni ya nani. Kama valvu haifungi na hakuna moto karibu, watu wawili wautoe mtungi nje, ukiwa wima, mpaka mahali pa wazi mbali na mfereji.

RANGI YA MOTO

Moto mzuri ni wa buluu, umetulia, hauna kelele. Ncha za njano kidogo jiko linapoanza si neno. Lakini moto wote ukiwa wa njano, mrefu na mvivu, na sufuria inakuwa nyeusi kama ya kuni, gesi haiungui yote kwa sababu hewa haitoshi. Safisha kichomeo na kibomba kama tulivyoeleza. Baadhi ya majiko yana kidirisha kidogo cha hewa karibu na tundu. Kifungue kidogo mpaka moto urudi kuwa buluu. Moto ukinyanyuka juu ya kichomeo na kuvuma, hewa imezidi, kifunge kidogo.

Masizi si tatizo la sufuria tu. Gesi isiyoungua yote hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi. Anayeivuta anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inalegea, halafu usingizi. Wengi husema ni malaria au uchovu. Dalili ya kuangalia ni hii: kama watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, si malaria, ni jiko.

JIKO SI LA KUOTEA MOTO

Hapa nitasema bila kuzunguka. Usiku wa mvua, na hasa kwa ndugu wa Kiziba juu ya ziwa Kivu na wa Kigeme kule vilimani, baridi ni baridi kweli, na blanketi hazitoshi. Najua kwa nini mzazi anaingiza jiko chumbani. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi michache aliniuliza, "Sasa nifanyeje, nimwache aganda?" Sikuwa na blanketi la kumpa, nilikuwa na maelezo tu, na nikaona aibu. Lakini maelezo yenyewe ni ya kweli.

Kilo 1 ya gesi inahitaji zaidi ya mita 12 za ujazo za hewa ili iungue vizuri. Chumba cha mita 3 kwa 3 na nusu, chenye urefu wa mita 2 kwenda juu, kina mita 21 tu, na ndani yake wamo watu wanaopumua hewa hiyo hiyo. Tukiziba nyufa kwa nguo ili baridi isiingie, hewa mpya nayo haiingii. Jiko lililokuwa na moto wa buluu saa 2 usiku linageuza moto wake polepole kadiri hewa inavyopungua, na hakuna aliye macho kuiona rangi. Mbabula ya makaa ni mbaya zaidi, kwa sababu makaa hutoa sumu hii tangu mwanzo, hata yakiwa mekundu na bila moshi.

Kinachowezekana ni hiki. Chemsha maji jioni unapopika, jaza kwenye dumu dogo au chupa ngumu inayofungwa vizuri, izungushie nguo nene ili isiunguze, uiweke miguuni mwa watoto. Inatunza joto kwa masaa kadhaa. Weka chini ya mkeka majani makavu, maboksi au magunia, maana baridi kubwa inatoka sakafuni. Mtoto mchanga alale ngozi kwa ngozi na mama yake, wote wamefunikwa. Na blanketi likikosekana, andikisha jina kwa kiongozi wa kijiji ukieleza umri wa mtoto. Usipojibiwa, njoo kwetu, tulifuatilie.

MOTO UKITOKEA

Moto ukiwaka kwenye mpira au kwenye mdomo wa mtungi, funika mkono kwa kitambaa kilicholowa maji na ufunge valvu. Gesi ikikatika, moto unakufa. Kama huwezi kuifunga, usipulize na usimwagie maji ule moto ili uzimike, kwa sababu gesi itaendelea kutoka bila kuwaka, itatandaa chini, na itafika kwenye jiko la jirani. Toa watu, piga kelele, ondokeni mbali. Mafuta yakishika moto kwenye kikaangio, zima jiko na ufunike kwa kifuniko. Maji kwenye mafuta yanayowaka yanarusha moto.

Aliyeungua, mwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Hata kama maji ni ya foleni, yatumie. Vua pete na nguo ambazo hazijagandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, majivu, asali wala mafuta, na usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichoshika, umpeleke kituo cha afya. Mtoto aliyeungua apelekwe hata kama jeraha linaonekana dogo, na aliyeungua usoni, mikononi au sehemu za siri apelekwe bila kungoja asubuhi.

Regyuleta mbovu, mpira uliopasuka na kimpira cheusi kilichokauka vileteni kwa mhamasishaji wa kijiji chenu pamoja na namba ya nyumba. Msiazimishane regyuleta za mitungi ya aina tofauti, kwa maana zinafanana kwa macho lakini hazikai sawa.